Jumapili Ndani ya Santuri

Kalunde alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusikia wimbo uleule mara mbili.

Hata asubuhi ile ya Jumapili, katika nyumba ya wageni pale Tabora, alipofumbua macho tu ukuta ulikwisha kujua kwamba amelala vibaya. Mkondo, ule muziki wa ukutani, ukamwanzishia wimbo alioupenda tangu utotoni, lakini ukiwa umepunguzwa kasi, ngoma zimefifishwa, na sauti ya mwimbaji imelainishwa isije ikamkera mtu mwenye kichwa kizito. Alipoinuka kwenda kupiga mswaki, wimbo ukachangamka pamoja naye. Alipokumbuka kazi iliyomleta akanyong'onyea, na wimbo nao ukashuka taratibu, ukamsubiri. Ndivyo muziki ulivyokuwa katika kila nyumba nchini. Ulikaa ukutani, ukakutazama, ukajigeuza kukufuata.

Kalunde akabeba begi lake kwa mikono miwili, kama mtu anavyobeba mayai. Ndani alikuwamo mchwa.

Mashine ile ilikuwa na jina refu la kitaalamu, lakini watu wa Hifadhi ya Sauti waliiita mchwa kwa sababu ilisoma kwa kula. Uliiweka juu ya santuri au kanda kuukuu, nayo ikashusha mwale mwembamba na kuchambua ganda la juu chembe baada ya chembe, ikikumbuka kila chembe ilikaa wapi na iliinamia upande gani. Ikimaliza, sauti yote ilikuwa imeingia ndani ya Mkondo, safi kuliko ilivyosikika siku iliporekodiwa. Mezani palibaki vumbi la kijivu lisilojaa kisoda.

Mwaka uliopita, kule Mpanda, Kalunde alimwonea huruma mzee mmoja aliyeomba asikilize kanda yake siku moja zaidi kabla ya mchwa. Usiku ule mzee alifariki, na wanawe wakachoma vitu vyake vyote shambani, kanda ikiwamo. Sauti za watu saba zilizokuwa mle hazitasikika tena duniani. Kalunde alilia ndani ya treni njia nzima, na alipofika alijiapia kwamba hatatoka tena katika nyumba ya mtu bila kusoma alichokifuata.

*

Nyumba ya Bibi Nyamizi ilikuwa nyuma ya karakana ya reli. Mlangoni kulikuwa na cherehani ya miguu, na yeye mwenyewe alikuwa ameiinamia, miwani ikiwa puani, akipinda suruali ya mtu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe mla santuri?"

"Msomaji, Bibi. Kalunde, kutoka Hifadhi."

"Haya, msomaji. Maana Mwalimu jirani yangu aliniambia anayekuja ni mtu wa kula santuri, nikapika wali mwingi. Nikasema akishiba huenda ataibakiza."

Kalunde akacheka bila kutaka. Alipoingia ndani akasimama ghafla, kwa sababu masikio yake yalikuwa yameziba. Ilimchukua muda kuelewa kwamba hayakuziba. Kuta zote nne zilikuwa zimefunikwa kwa mablanketi mazito yaliyoshonwa kwa mabaki ya vitenge, kuanzia dari hadi sakafuni, na nyuma yake Mkondo ulikuwa umenyamaza. Hakuna kitu kilichokuwa kikimfuata. Alisikia pumzi yake mwenyewe, na jogoo wa nyumba ya tatu.

"Nimeuvalisha," Bibi Nyamizi akasema. "Mtu akikusikiliza nyumbani kwako bila kualikwa, unafanya nini? Mimi ni fundi cherehani. Nilifanya ninachokijua."

Juu ya meza ya kulia ilikuwapo gramafoni, na pembe yake ilikuwa imekunjwa kwa bati la mabehewa, rangi ya reli ikionekana bado kwa ndani. Vijana wa karakana ndio walioitengeneza, miaka arobaini na mitano iliyopita, ili wapigie kitu kimoja tu. Walikuwa na bendi yao, Karakana Jazz. Kituo kimoja cha redio kilipotupa mashine yake ya kuchonga santuri, wao waliiokota, wakaifufua kwa vipuri vya garimoshi, na kabla haijafa tena wakachonga wimbo mmoja kwenye sahani moja. Wimbo uliitwa "Zamu ya Asubuhi." Mpiga tarumbeta alikuwa Kasanda, mume wa Nyamizi.

"Niliwaandikia Hifadhi mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha," Bibi alisema huku akiitoa sahani kwenye mfuko wa kitambaa cheusi. "Nina miaka themanini na mmoja. Kila Jumapili saa tisa tunaisikiliza hapa, mara moja tu, kisha tunaifunga. Zamani watu walijaa hadi uani. Sasa tumebaki watano. Nikifa, hii ataitumia nani? Watafunikia mtungi. Basi aingie huko kwenye ukuta, Kasanda wangu, asikike Tanzania nzima."

Kalunde akafungua fomu kwenye kishikwambi chake. Swali la kwanza lilikuwa lilelile la siku zote: Je, kazi imekamilika? Wanasheria waliliweka kwa sababu Hifadhi hairuhusiwi kupokea kazi ambayo mwenyewe hajaimaliza, na wasomaji walilijibu "ndiyo" bila hata kulitazama. Naye akagusa "ndiyo."

"Kwanza mchwa ataonja," akaeleza. "Anaonja pale katikati, karibu na karatasi ya jina la wimbo, ambapo wimbo umekwisha na sindano inazunguka tu. Hapo ni patupu. Upana wa uzi, basi. Atatuambia kama sahani inasomeka."

"Patupu napo anakula?"

"Anakula, Bibi."

"Haya. Asivuke uzi."

*

Mchwa alionja kwa dakika nne. Kwa kawaida matokeo yalikuwa mstari mmoja mnyoofu na neno "inasomeka." Safari hii kishikwambi kiliandika idadi ya tabaka, na Kalunde akadhani kimeharibika.

Tabaka elfu mbili na mia tatu na ushei.

Akaigeuza sahani kuelekea dirishani. Haikuwa na mikwaruzo aliyoizoea. Ilikuwa inang'aa, laini, karibu kama ngozi. Akainusa.

"Bibi, hii unaifuta kwa nini?"

"Mafuta ya cherehani. Kila Jumapili kabla ya kupiga." Bibi Nyamizi akamwangalia kama anayemwangalia mtoto wa mjini. "Mashine yoyote yenye sindano hupakwa mafuta. Hilo nalo hawafundishi chuoni?"

Chuoni walifundisha kinyume chake. Mafuta yalikuwa katika ukurasa wa kwanza wa mambo ambayo hayasamehewi. Lakini Kalunde alikuwa amekwisha kuanza kuona, akavuta kiti.

Sahani ya namna hii, isiyo ngumu kama zile za viwandani, ilipaswa kuwa bubu baada ya kupigwa mara mia. Sindano ingekuwa imeukwangua ule mfereji mwembamba unaobeba sauti hadi ukwishe. Mafuta ya Bibi Nyamizi yaliilainisha, na kila sindano ilipopita, badala ya kukwangua ilikandamiza. Na ile pembe ya bati haikuwa mdomo tu. Pembe ni sikio pia. Sauti ya wimbo ilipokuwa inatoka, sauti za chumbani zilikuwa zinaingia, zikatikisa kiwambo chembamba kilicho nyuma ya pembe, kiwambo kikaitikisa sindano, na sindano ikaziandika humohumo, chini kabisa, kwa kina kisichofikia unene wa vumbi. Kila Jumapili ilikuwa imejilaza juu ya Jumapili iliyotangulia.

"Bibi," Kalunde akasema, na sauti yake haikuwa ya kazini tena. "Santuri hii imekuwa ikiwarekodi."

"Akina nani?"

"Nyinyi."

Akaanza kuzisikiliza tabaka kwa kifaa cha sikioni, kutoka juu kwenda chini. Ile ya juu kabisa ilikuwa ya Jumapili iliyopita. Ilikuwa kimya, lakini kimya cha watu: kiti kilichosogea, mtu aliyemeza mate, mvua ya mbali. Ya pili kimya. Ya mia moja kimya, na kikohozi cha mzee. Alishuka tabaka elfu moja na zaidi za watu waliokaa pamoja bila kusema neno, na akajikuta amejishika kifua, kwa sababu hakujua kwamba kimya kinaweza kutofautiana hivyo. Jumapili moja kilikuwa na mtoto mchanga ndani yake. Nyingine kilikuwa na mtu anayelia kwa kujizuia.

Kisha kimya kikakatika. Msichana akacheka, karibu sana, kama aliyeinamia pembe. Akauliza jambo.

Kalunde akatoa kifaa sikioni. Alitazama mikono ya Bibi Nyamizi, iliyokuwa inakunja ule mfuko mweusi, na akajua kwamba hana haki ya kuwa mtu pekee aliyesikia. Akaielekeza sauti itoke kwenye kishikwambi.

*Kicheko. Kisha:* "Mama, niirudie?"

Bibi Nyamizi hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, mkono ukitafuta kiti nyuma yake, na alipokipata akasema, "Tena."

Kalunde akarudia.

"Mbula," alisema Bibi. "Huyo ni Mbula."

*

Alikuwa mwanawe wa pekee, aliyempata akiwa na miaka arobaini, wakati watu walikwisha kuacha kumuuliza. Baba yake alimfundisha kushika sindano akiwa na miaka mitano, maana kidole cha mtoto ni chepesi, na Kasanda alipofariki kazi ile ikawa ya Mbula kabisa. Kila Jumapili wimbo ukiisha aliiacha sindano izunguke pale patupu, akageuka na kuuliza swali lilelile.

"Nami nilikuwa natikisa kichwa," Bibi Nyamizi akasema. "Sindano za gramafoni zilikuwa zimekwisha, tulikuwa tunasaga za cherehani, moja inakufa kwa wimbo mmoja. Nikisema mara moja, ni mara moja. Yule mtoto alijua nitakataa, na bado anauliza. Ndiyo maana anacheka hapo."

"Na hakuna jibu kwenye sahani."

"Kichwa kikitikiswa kinalia?"

Mbula aliugua homa Jumatatu moja, miaka ishirini na miwili iliyopita, na Alhamisi wakamzika. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Jumapili iliyofuata majirani walikuja kama kawaida, na mtu mmoja alipotaka kusema neno la pole wakati wimbo unapigwa, Nyamizi aliinua mkono. Tangu siku ile hakuna aliyewahi kuongea mbele ya santuri. Watu walidhani ni taratibu ya nyumba. Wengine walichoka nayo, wakarudi kwenye kuta zao zinazojibu.

Kalunde alikuwa anaiona picha nzima sasa, na ilimtisha kwa uzuri wake. "Ndiyo sababu amebaki," akasema. "Mngekuwa mnaongea, sauti zenu zingemfunika. Mmekaa kimya juu yake miaka ishirini na miwili, kama mtu anayemwekea mwenzake mkono asipigwe na upepo."

Bibi Nyamizi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa. "Na chini ya wimbo wenyewe? Yumo?"

"Yumo. Na baba yake yumo. Jumapili zote zimo, Bibi. Mchwa akiisoma sahani nzima, nitaweza kukupa kila moja."

"Basi mlete huyo mdudu."

Ilikuwa ni ruhusa kamili, na Kalunde alikuwa amejiapia baada ya Mpanda. Angeweza kuiweka sahani chini ya mwale wakati uleule. Badala yake akaomba dakika moja, akatoka uani, akampigia mkuu wake, Bwana Lugembe.

Lugembe alimsikiliza hadi mwisho, na Kalunde alipomaliza, mkuu alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia. "Binti, unajua umeshika nini? Hakuna kitu kama hicho popote."

"Najua, mkuu. Ninachouliza, nikikisoma, kitakaa vilevile?"

"Kitaingia kwenye Mkondo. Unajua taratibu. Wimbo utasafishwa, kelele zitaondolewa kwa wasikilizaji wote."

"Kelele hizo ndiye Mbula."

"Kwa nyumba ya mama yake hazitaondolewa. Mkondo utajua anachotaka kusikia."

"Ndilo ninaloliogopa."

Wote wawili walikuwa wanamfikiria mtu mmoja, mhasibu mstaafu wa Dodoma ambaye ujumbe wa sauti wa marehemu mkewe uliingia ndani ya Mkondo. Mwezi wa kwanza ukuta ulimpigia ujumbe ule. Mwezi wa pili ukaurefusha kidogo, kwa kuwa alionekana kuutamani zaidi. Sasa mkewe alikuwa anamwamkia, anamuuliza dawa amekunywa, anacheka kwa masihara yake. Alikuwa na furaha, hilo hakuna aliyelikana. Lakini Kalunde alipomuuliza siku moja ni maneno gani ambayo mkewe alikuwa ameyasema kweli, yule mzee alifikiri kwa muda mrefu, kisha machozi yakamtoka.

"Na usipoisoma?" Lugembe akauliza, sasa kwa upole. "Wanaendelea kuipiga, kila Jumapili inakandamiza nyingine. Miaka mitano, kumi, yule msichana hatasikika. Au nyumba inaungua kesho. Umesahau Mpanda?"

"Sijasahau."

"Basi unajua kitu kisicho na nakala ni kitu gani. Siwezi kukuamulia kutoka huku, Kalunde. Ila fomu ikifungwa bila usomaji, ile sampuli uliyoonja inafutika. Hilo liweke akilini."

*

Alimweleza Bibi Nyamizi yote, bila kupamba. Alimweleza kuhusu mzee wa Dodoma, na alipofika kwenye furaha yake hakuificha. Alimweleza kuhusu Mpanda pia, na kwamba sahani inaweza kuanguka leo hii na kuvunjika.

"Yaani ukutani Mbula ataniongelesha," Bibi akasema.

"Ndiyo."

"Atanijibu nikimjibu."

"Ndiyo, Bibi. Hatakuwa yeye, lakini sauti itakuwa yake."

Nje watu walianza kufika. Mwalimu Ntinginya aliyestaafu aliingia na kiti chake mwenyewe kichwani, nyuma yake Bi Tatu muuza asali, kisha mtu na mkewe waliokuwa mafundi wa reli. Waliona nyuso mbili zile, wakaketi bila kuuliza.

"Yule mtoto alikuwa mbishi," hatimaye Bibi akasema, kama anaongea na pembe ya bati. "Nilikuwa nikitaka aseme ndiyo, anasema ngoja. Huo ukuta utanipa Mbula asemaye ninachotaka. Nitamfanyia nini huyo? Simjui."

"Na watu wa mbali, Bibi? Wasioweza kumsikia mzee Kasanda?"

"Treni si bado inapita? Waje. Viti vipo uani." Akamtazama Kalunde. "Lakini lile swali lake umekwisha kulila. Kwenye sahani halimo tena."

Kalunde akainamisha kichwa. "Halimo. Liko humu tu," akagusa kishikwambi, "na nikifunga fomu litafutika. Nisamehe. Nilidhani ni patupu."

"Mimi nami nilidhani ni mafuta tu," Bibi Nyamizi akajibu. Kisha akachukua kitambaa, akadondosha matone mawili, akaipaka sahani, na alipofika katikati kidole chake kikasimama. Palipoliwa na mchwa palikuwa na pete laini, nyembamba, isiyo na alama yoyote. "Hapa sindano itafanya nini?"

Kalunde akatazama. Jibu lilimjia taratibu. Pale hapakuwa na mfereji wa kuiongoza sindano wala wa kukandamizwa. Palikuwa pamelainishwa kwa mafuta, papya kama siku ile vijana wa karakana walipoiweka sahani chini ya mashine yao.

"Itachonga," akasema. "Chochote kitakachoingia kwenye pembe."

*

"Wewe ndiye utakayeshika," Bibi Nyamizi alimwambia ilipotimia saa tisa. "Mimi natetemeka."

Kalunde akaishusha sindano ya cherehani kwa kidole kimoja, kama alivyoonyeshwa. Kukawa na mkoromo, kama wa mchanga unaomwagwa. Kisha Karakana Jazz wakaingia.

Alikuwa amesikiliza maelfu ya saa za muziki, na hakuna hata saa moja iliyomwandaa kwa hili. Wimbo haukumjali. Haukujua kwamba amechoka au kwamba ana hofu, haukushuka kumpokea, haukupunguza tarumbeta ilipomchoma. Ulikuwa unakwenda zake, vijana wa miaka arobaini na mitano iliyopita walikuwa wanakwenda kazini alfajiri yao, na kama alitaka kuwafuata ilibidi akimbie mwenyewe. Mahali fulani kulikuwa na mkwaruzo, tak, tak, tak, juu ya pumzi ya Kasanda kabla ya kupanda. Akajikuta anakimbia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuna ukuta uliobadilika kwa ajili yake. Watu wanne walikuwa wamefumba macho, na chini ya wimbo, mahali ambapo hakuna sikio lingefika, walikuwamo wote waliowahi kukaa katika chumba kile.

Tarumbeta ikaisha. Sindano ikateleza kuelekea katikati, ikaingia kwenye pete, na mkoromo ukabadilika ukawa mwembamba, kama uzi unaovutwa. Kalunde akakileta kishikwambi mdomoni mwa pembe.

Kicheko. "Mama, niirudie?"

Mwalimu Ntinginya akafumbua macho. Bi Tatu akashika mkono wa aliyekuwa karibu naye. Walikuwa wanaijua sauti ile, walimwona akikua, lakini miaka ishirini na miwili ya taratibu iliwafunga midomo, na wakamtazama Nyamizi.

Bibi Nyamizi alikuwa ameinama hadi pembe ikamfunika nusu ya uso. Kalunde aliona kichwa chake kikianza kutikisika, ile tabia ya zamani, kisha kikatulia.

"Irudie, mwanangu," akasema ndani ya bati. "Irudie tu. Sindano zipo."

Kalunde akaiinua sindano. Akaiweka upya mwanzoni.

Mkoromo uleule. Karakana Jazz wakaingia vilevile, kwa mguu uleule. Wimbo ulikuwa haujabadilika hata unywele, ingawa kila mtu chumbani alikuwa amebadilika. Kalunde alikuwa anajua kinachokuja. Hakuwahi kukijua kitu hicho, kuujua wimbo, kukaa unausubiri mahali utakapopita. Alipokaribia pumzi ya Kasanda alisogea mbele ya kiti, na ilipofika, tak, tak, tak, alicheka kwa sauti kama aliyekutana na rafiki barabarani.

"Amecheka," Bi Tatu akanong'ona.

"Mwache acheke," Bibi Nyamizi akasema, kwa sauti ya kawaida, katikati ya wimbo. "Nanyi ongeeni. Mwalimu, husemi kitu? Miaka yote umesubiri."

Mwalimu Ntinginya akakohoa. "Nilikuwa nataka kusema," akasema, "kwamba Kasanda alinikopa koti la kuvaa siku waliporekodi huu wimbo. Hakulirudisha. Nilitaka iingie humo."

Wakacheka wote, na kicheko kikaingia kwenye pembe. Sindano ikafika kwenye pete. Wakanyamaza bila kuambiwa. Kutoka ndani ya bati la mabehewa, kwa mbali, kama watu wanaoitana kutoka chumba hadi chumba, zikatoka sauti mbili. Ya kwanza iliuliza. Ya pili ikajibu.

Hakuna aliyesogea mpaka sindano iliposimama yenyewe.

Kalunde akaifungua fomu. Alirudi juu kabisa, kwenye lile swali ambalo wasomaji hawakuwa wakilitazama. *Je, kazi imekamilika?* Akafuta "ndiyo," akagusa "hapana." Nafasi ya kueleza sababu ikafunguka, na akaandika: *Bado inarekodiwa.* Alijua ataulizwa, na alijua ni kweli. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe kwa muda, Mpanda ikiwa mbele ya macho yake, moto na shamba. Kisha akakibonyeza. Sampuli ikafutika. Kishikwambi kikawa chepesi mkononi, au alidhani hivyo.

"Tayari?" Bibi Nyamizi akauliza.

"Tayari, Bibi. Mchwa amelala."

"Na Jumapili ijayo?"

"Treni bado inapita."

Bi Tatu alikuwa anapakua wali. Bibi Nyamizi akaiondoa sahani kwenye gramafoni, akaiweka juu ya mapaja ya Kalunde, akampa kile kitambaa chenye mafuta. Ukurasa wa kwanza wa kila kitabu alichosoma ulikataza jambo hili. Akaanza kupaka, akizungusha kidole kutoka ukingoni kwenda katikati.

"Taratibu," Bibi akamwambia. "Kama unavyompaka mtoto aliyetoka kuoga."